Ngege niliyemla

Jumapili tulikuwa Dunga, ufukweni mwa Ziwa Victoria, na mnamjua yule binti yangu wa maswali. Samaki kaletwa mzima, kakaangwa mpaka mapezi yanavunjika kama biskuti, sukuma wiki pembeni, ugali wa wimbi unafuka moshi. Mama wa hoteli akasema, "Ngege wenu huyo, karibuni." Binti akainua mkia kwa vidole viwili. "Baba, ngege ni huyu tu, ama kuna mwingine?"

Nikamwambia ale kwanza. Mimi tonge lilinikwama.

Ilikuwa 2004, mwaka ule wa kungoja chuo ambao nimewasimulia hadi mkachoka. Nilikuwa kwa dani, bibi yangu, karibu na Ziwa Kanyaboli, kazi yangu kubwa ikiwa kula. Akaja mtafiti na masanduku ya vichupa vya spiriti, anatafuta kijana wa kupiga kasia na kushika samaki. Dani akanisifu. Kasia nilikuwa sijawahi kuishika.

Tulitega wavu jioni, tukautoa alfajiri. Kila samaki alipimwa kwa rula, akakatwa kipande cha pezi kidogo kama ukucha wa mtoto, kikatiwa kwenye kichupa chenye namba. Daktari, ndivyo tulivyomwita, alikuwa mtu wa kusema huku anafanya. Kwamba ngege wa asili, tilapia wa ziwa lenyewe, alianza kuisha baada ya nyavu za kutega kuletwa kwenye ghuba yetu mwaka 1905. Kwamba kuanzia miaka ya 1950 wakatiwa ziwani mbuta, yaani sangara, na tilapia wa Nile. Huyo tilapia akachukua maji, akachukua chakula, mwisho akachukua hata jina. Ngege mwenyewe akabaki kwenye viziwa vya pembeni kama Kanyaboli, ambako mafunjo ya kinamasi cha Yala yamemziba mbuta njia, kwa sababu maji ya chini yake yana hewa kidogo na mbuta hayawezi. Mimi mafunjo niliyajua kwa mikeka tu.

"Tazama mkia," alikuwa akisema. Tilapia wa Nile ana mistari ya wima mkiani, ngege hana. Shida ni kwamba hao wawili huzaana, na chotara anaweza kuwa na sura ya mama na damu ya baba. Jicho halitoshi, ndiyo maana ya vile vichupa: pezi likapimwe maabara.

Siku ya tatu nikamnasua mmoja mzito, mkia hauna mstari hata wa dawa. Nikambana nyuma ya matamvua kama nilivyofundishwa. Akafungua mdomo. Nikadhani anatapika. Vikamwagika vitu vidogo vidogo, kila kimoja macho mawili meusi na kifuko cha njano tumboni, vikatapakaa kiganjani, mapajani, kwenye yale maji machafu ya chini ya mtumbwi. Kumbe ni jike, na ngege hulea watoto mdomoni. "Usisogee!" Daktari alinipigia kelele kwa mara ya kwanza. Akapiga magoti, mtumbwi ukayumba, akaanza kuwachota kwa kikombe chetu cha chai. Mmoja alibaki kwenye kiganja changu, amelala ndani ya ule mstari ambao wapiga ramli huusoma, anatetemeka mwili mzima. Nilibana pumzi. Sijui kwa nini, kwani pumzi yangu ingemfanya nini?

Mama na watoto tukawatia kwenye pipa; Daktari alitaka wafike hai bwawani, wazaane mbali na tilapia. Usiku nilipewa kazi moja, kubadilisha maji kila saa. Nikabadilisha mara mbili, nikaegemea ukuta kidogo tu.

Alfajiri wote walikuwa wanaelea.

Daktari hakunigombeza, afadhali angenigombeza. Alikata pezi la yule mama, akaandika 41, akafunga kichupa. Dani naye hakuzaliwa kutupa samaki. Mchana tukawekewa mezani, kwa nyanya na kitunguu, na Daktari akanawa mikono akala. Nami nikala. Alikuwa mtamu, sitawadanganya. Dani alinyonya kichwa polepole, akasema, "Huyu ndiye niliyemjua nikiwa msichana. Yule wa sokoni ni mgeni aliyerithi jina."

Daktari aliondoka wiki iliyofuata. Namba 41 alikuwa safi au chotara, sikuwahi kuuliza. Nilipata nafasi mbili tatu za kumwandikia, nikaona heri nisijue. Nasoma siku hizi kwamba ngege huyo ameorodheshwa miongoni mwa walio hatarini kabisa, na nikipita Yala naona moshi wa mafunjo yanayochomwa ili watu walime. Nao hao watu wanakula nini? Niulizeni mimi, nauza bima.

"Baba, huli?"

Mkia ulikuwa bado mkononi mwake. Ukiugeuza kwenye mwanga, mistari inaonekana, hata baada ya mafuta.

"Kuna mwingine," nikamwambia.

"Ulishamwona?"

"Nilimla."

Akaacha kutafuna.