Kikao cha kwanza cha baraza la wanafunzi: nilivyokubali kukaa kiti cha nyuma

Huu ni mwaka wangu wa nne nikiwa mwalimu mlezi wa baraza la wanafunzi katika shule ya upili ya mseto huku Pwani ya Kenya, yenye wanafunzi wa bweni na wa kutwa. Wengi hudhani kazi ngumu ni siku ya kura. Kura huisha mchana, watoto wakashangilia, wakaenda zao kula. Kazi yenyewe ni kikao cha kwanza, pale waliochaguliwa wanapofungiwa chumba kimoja wagawane vyeo.

Kwetu, kila darasa na kila bweni huchagua wajumbe wake. Wajumbe hao ndio humchagua rais wa baraza, naibu, katibu, na wasimamizi wa bwalo, usafi, michezo na maktaba. Tunafanya hivyo muhula wa pili, ili kidato cha nne wakabidhi na kujitayarisha kwa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza shule ya upili.

Mwaka wa kwanza niliongoza kikao mwenyewe, na nilikiharibu. Kengele ya masomo ya jioni ilikuwa inakaribia, nikataka tumalize. Nikawaambia wainue mikono. Mikono iliinuka, lakini kabla ya kuinuka kila mtoto aliwatazama kwanza wavulana wawili wakubwa wa bweni moja waliokaa mbele. Niliyaona yale macho nikanyamaza. Wa kutwa hawakupata cheo hata kimoja. Siku chache baadaye msichana wa kidato cha kwanza akaniambia, "Mwalimu, sisi tulijua matokeo tangu jana yake usiku." Muhula haujafika katikati, baraza likawa jina tu.

Iliniuma kwa sababu mimi nilisoma enzi za viranja. Walimu walikuteua, ukavaa beji, ukawa mkono wao. Baada ya migomo ya shule ya mwaka 2008, ndipo baraza la kitaifa la wanafunzi wa shule za upili likaundwa mwaka 2009, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikampa mwakilishi wa wanafunzi nafasi ya kuketi katika bodi ya usimamizi wa shule. Mtoto anayetoka katika chumba kile huenda akakaa meza moja na wazazi na mfadhili wa shule, akiwasemea wenzake. Haifai atoke kwa woga.

Mwaka huu nilibadilisha mambo. Wiki moja kabla, nilibandika ubaoni majukumu ya kila cheo, ili mtu asigombee cheo asichojua kazi yake. Siku ya kikao nilikwenda kuketi nyuma kabisa, karibu na dirisha. Jambo la kwanza likawa kumpata mwenyekiti wa muda, mtu asiyegombea chochote. Wakamtaka kijana mmoja mpole wa kidato cha pili, na sijui kwa nini sikuwahi kumtambua. Sauti yake ni ndogo, basi chumba kizima kilinyamaza ili kimsikie.

Kabla ya kura, mjumbe mmoja wa kidato cha kwanza akasimama. "Rais akituangusha, tunamtoaje?" Hilo halikuwa ubaoni. Walilijadili kwa karibu nusu saa, na mara mbili nilijizuia nisiwaharakishe. Wakaandika kwamba theluthi mbili ya wajumbe wakikubaliana, ataondoka, lakini lazima kwanza asomewe makosa yake na apewe nafasi ya kujitetea. Tena wakakumbuka wenyewe ile kanuni ya Katiba ya mwaka 2010, kwamba jinsia moja isizidi theluthi mbili katika vyombo vya kuchaguliwa, wakaamua rais na naibu wasiwe wa jinsia moja.

Kura ya urais ilipigwa kwa siri. Sanduku lilikuwa katoni la madaftari, tumelitoboa juu na kuligandisha kwa utepe. Kila mmoja aliandikia kwenye dawati la pembeni, amewapa wenzake mgongo. Wajumbe ni 19, mmoja alikuwa mgonjwa, kwa hiyo walipiga 18. Kijana akahesabu kwa sauti, karatasi moja moja, akimwonyesha kila mtu. Tisa kwa tisa.

Vichwa vyote vikageuka nyuma. "Mwalimu, tuamulie." Nilikuwa na chaguo langu moyoni, siwezi kusema uongo. Nikawajibu kuwa mimi si mjumbe. Mmoja akataka warushe shilingi, mwingine akataka wamngoje mgonjwa. Hatimaye wakakubaliana wagombea wajibu swali moja, kisha kura irudiwe. Swali likawa foleni ya bwalo, kwa maana kidato cha kwanza hupakuliwa mwisho na hukuta maharagwe yamebaki mchuzi mtupu. Mvulana wa bweni akasema atamwona mwalimu mkuu. Msichana wa kutwa akasema ataomba sufuria ziwekwe pande mbili, na zamu ya kutangulia izunguke kila wiki. Kura ya pili: 11 kwa 7, akashinda msichana.

Yule mvulana aliinamisha kichwa. Unaibu nao ulihitaji kura, na hakuna aliyemhurumia kwa kumpa bure. Aligombea usimamizi wa bwalo, akaupata. Foleni sasa ni mbili, naye husimama katikati yake.

Wiki mbili baadaye rais na katibu walikuja ofisini na kumbukumbu za kikao chao cha pili. Ajenda ya kwanza ilinihusu mimi: ufunguo wa sanduku la maoni ninao mimi, na wanafunzi wanaogopa kuandika. Wanaomba ukae kwa katibu.

Nilisoma mara mbili. Nikauchomoa kwenye shada la funguo zangu, nikampa.