Kumbukumbu ya mradi wangu: nyaya za spika, kutu ya bahari na sarafu ya mpwa wangu

Wiki ya 1, Jumamosi

Miezi miwili sasa spika ya kushoto inakwaruza. Si kila saa. Mara nyingi ni asubuhi ninapowasha, au besi inapoingia kwa nguvu. Nyumba yangu iko Tanga, kutembea dakika chache tu unaikuta bahari. Mitambo yangu ni ya zamani: amplifaya ya wati 40 kila upande, spika mbili za mbao za omu 8 (omu ni kipimo cha jinsi kitu kinavyozuia umeme) nilizorithi kwa baba mdogo, na mashine ya santuri ninayopigia taarab na muziki wa dansi. Nyaya za spika ni zile nyembamba, nyekundu na nyeusi, mita 6 kila upande.

Leo amekuja rafiki yangu, yuko likizo kutoka Muscat. Kabeba kebo zake nene zilizosukwa kwa kitambaa, na pini za rangi ya dhahabu.

"Sikiliza kwanza, ndugu yangu. Bei tutaongea baadaye."

Tukafungua zangu, tukafunga zake. Mkwaruzo ukakata palepale! Sauti ya mwimbaji ikasogea mbele, na fidla niliyokuwa naisikia kwa mbali ikaja sebuleni. Anataka shilingi 480,000, na nilikuwa tayari kutoa.

Jumapili

Kabla ya kumlipa nikarudisha nyaya zangu, nipate kuisikia tofauti mara ya pili. Mkwaruzo haukurudi. Nikapandisha sauti, nikaweka wimbo wenye besi nzito, nikasubiri hadi usiku. Kimya, safi kabisa.

Nikachukua tochi nikamulika nyuma ya amplifaya. Kwenye vibanio vya upande wa kushoto kulikuwa na kutu ya kijani, na ncha za waya zilikuwa zimegeuka nyeusi. Hewa yetu ya chumvi ndivyo inavyoifanya shaba. Kumbe jana tulipochomoa na kuchomeka tulikuwa tunaikwangua ile kutu bila kujua, na waya wowote ungefanya kazi hiyo, hata wa taa ya mezani. Nimekata sentimita 2 za kila ncha, nikamenya upya, nikasugua vibanio kwa mswaki na spiriti.

Nimelifikiria jambo hili siku nzima. Mtu ananunua kebo mpya, anachomoa ya zamani, anachomeka mpya, anasikia mabadiliko ya kweli kabisa, na sifa zote anaipa kebo. Hasemi uongo. Hakuirudisha tu ile ya kwanza.

Wiki ya 2

Nimeamua kupima, maana rafiki yangu bado anaapa kwamba zake zina sauti "pana" zaidi.

Ukizigusisha ncha za multimita ya kawaida kwenye waya wa mita chache, huambulii kitu cha maana: nyaya za mita yenyewe zinaweza kuwa na omu 0.2 au 0.3. Nimetumia betri ya volti 12 na taa ya indiketa ya gari ya wati 21. Unaunganisha ncha mbili za mwisho wa waya wa spika, unapitisha umeme wa taa humo uende na kurudi, unapima ampea zinazopita, kisha volti zinazopotea ndani ya waya. Gawanya volti kwa ampea, unapata omu.

Nyaya zangu za zamani: ampea 1.6, volti 1.12. Hiyo ni omu 0.7. Nilishtuka, maana waya wa shaba wa milimita 0.5 za mraba wenye urefu huo, kwenda na kurudi mita 12, haukupaswa kuvuka 0.5. Nikaukwangua kwa kisu: juu wekundu wa shaba, ndani weupe. Ni alumini iliyopakwa shaba. (Ukiona weupe juu usikimbilie kuhukumu, ipo shaba halisi iliyopakwa bati, endelea kukwangua hadi katikati.)

Alhamisi nimenunua waya wa milimita 2.5 za mraba kwenye duka la vifaa vya umeme, ule laini wenye nyuzi nyingi, shaba tupu ndani na nje. Mita 12 kwa shilingi 42,000. Kipimo: omu 0.1 hivi. Kebo za rafiki yangu: omu 0.09.

Hapa ndipo waya una maana. Omu 8 ya spika ni jina tu. Kwenye spika zangu inashuka hadi 5.5 kwenye sauti za kati, na kwenye besi, pale spika inapotetemeka kwa urahisi zaidi, inapanda hadi karibu 30. Omu 0.7 za waya zinamega desibeli 1 (kipimo cha ukubwa wa sauti) pale inaposhuka, lakini desibeli 0.2 tu pale inapopanda. Kwa hiyo waya mwembamba haupunguzi sauti kwa usawa. Unarudisha nyuma sauti za kati, ambako ndiko mwimbaji alipo. Ukifika omu 0.1, upungufu huo unakuwa mdogo mno, na kutoka 0.1 kwenda 0.09 sioni cha kusikika.

Wiki ya 3, siku ya sarafu

Sioni, lakini masikio nayo yapewe nafasi. Mpwa wangu alikaa nyuma ya pazia la kanga akirusha sarafu: mwenge, kebo ya kwanza, upande wa pili, kebo ya pili. Mizunguko 16 kwa kila jaribio, mimi kwenye kochi na daftari, wala hatusemezani.

Waya wa zamani dhidi ya mpya wa shaba: nilipatia 14. Lakini waya wa zamani una sauti ya chini kidogo, na sikio hupenda chenye sauti kubwa. Nikapiga mlio wa hezi 200 kutoka kwenye simu, nikapima volti kwenye spika, nikasawazisha, tukarudia. Nikapatia 11. Kwa kubahatisha tu mtu hupata kama 8, na kufika 12 au zaidi kwa bahati hutokea chini ya mara 4 katika 100. Kwa hiyo 11 siwezi kuiapia. Nadhani nilisikia kitu kwenye sauti ya mwimbaji. Naandika hivyo hivyo.

Waya wa shaba dhidi ya kebo za Muscat: mimi 9. Rafiki yangu, anayezijua kebo zake kwa miaka, akapata 7. Alilitazama daftari muda mrefu, akaomba turudie baada ya swala ya alasiri akili ikiwa imetulia. Tukarudia. Akapata 8.

Akaniuliza kuhusu mishale iliyochorwa kwenye kebo zake. Umeme wa spika unageuka kwenda na kurudi. Kwa mlio wa hezi 50 unafanya hivyo mara 50 kila sekunde, kwa hiyo mshale pale hauna kazi. Kwenye nyaya za RCA, zile za kupeleka sauti kutoka mashine hadi amplifaya, ambazo kinga yake (wavu wa chuma unaozunguka waya wa ndani) imeunganishwa upande mmoja tu, mshale unaweza kuwa na maana.

Wiki ya 4

Mvumo wa mashine ya santuri nao nimeupata. Kinga ya waya wa RCA ilikuwa imekatika ndani ya pini, na sindano inatoa milivolti kama 5 tu, kwa hiyo kila umeme wa nyumba ulikuwa unaingia. Nimekata, nimechomea pini mpya kwa lehemu, mvumo umeondoka. Waya huu nimeuacha mfupi, mita moja, kwa sababu kwa sindano ya aina hii urefu huongeza kapasitansi (uwezo wa waya kushika chaji ya umeme) na kubadilisha sauti za juu.

Rafiki yangu anaondoka Jumatano na kebo zake. Ameniomba mswaki na chupa ya spiriti, kwao nako ni pwani.

Zile 480,000 zipo. Spika ya kulia bado ina sauti nyembamba kuliko ya kushoto hata nikibadilishana nyaya, kwa hiyo tatizo limo ndani ya boksi. Jumamosi nafungua, naanza na kapasita za kugawa sauti, vile vifaa vidogo vya kutenganisha sauti za juu na za chini. Zina umri wa zaidi ya miaka 30.