Hesabu ya Kitonga

Lori la vitunguu lilikuwa limelala ubavu kwenye kona ya mlima Kitonga, magunia yamepasuka, vitunguu vimesagika lami nzima. Tulishuka kwenye gari la wagonjwa macho yanachuruzika machozi. Utingo, kijana mdogo tu, alikuwa chali pembeni ya barabara, na watu walishamkamata mikono na miguu wamtie kwenye Noah.

"Mwacheni hapohapo!"

"Mtoto anakufa, wewe unatuletea taratibu?" mzee mmoja akanijia juu. Sikumlaumu. Tulikuwa tumechelewa.

Kijana alipumua vizuri, akaongea, ila mgongo ulimuuma vibaya. Nikamvua kiatu kilichobaki. "Chezesha vidole, mdogo wangu." Vikacheza. Nikapiga magoti kichwani kwake, nikakidaka kichwa kwa viganja viwili, viwiko nimevikita chini. Wapakiaji watatu wakajipanga ubavuni: mmoja mabega, mmoja nyonga, mmoja miguu. Dereva wetu akakaa upande wa pili na ubao.

"Moja, mbili, tatu!"

Wawili wakavuta kwenye tatu. Wa nyonga akangoja tatu iishe. Mabega yakaja, kiuno kikabaki, na kijana akapiga yowe ambalo nililisikia mpaka viganjani.

"Rudisheni. Polepole."

Kosa lilikuwa langu. Sisi wa kazi hiyo hesabu tunaijua, wao nani aliwaambia? Nikamwomba tena vidole. Kimya. Halafu kidole gumba kikatikisika, vingine vikafuata.

Yule wa nyonga akasema, "Dokta, sisi gunia hatulihesabii. Mmoja anaita 'haya jamani', tukijibu 'haya!' linakuwa juu." (Udokta wenyewe sina, lakini barabarani mwenye glovu ndiye dokta.)

Nikaita hivyo. Wakajibu kwa sauti moja, na kijana akageuka mzimamzima kama gogo, pua na kitovu mstari mmoja. Ubao ukaingia, tukamlaza, tukamfunga mikanda. Mama mmoja akavua khanga zake mbili, tukazikunja tukabana kichwa huku na huku. Mzee wa taratibu ndiye aliyetufungulia mlango.

Kila tukimaliza kona namwambia achezeshe vidole. Tulipokaribia Ilula akanitazama kwa chini.

"Dokta, hivi vidole si ushaviona?"