Siku moja maishani mwangu: fundi milango ya PVC, Dodoma

Watu wengi wakisikia fundi wa PVC, ile milango na madirisha ya plastiki ngumu, wanajua ni mtu wa kutoa kitasa kibovu, kuweka kipya, kuchukua hela na kuondoka. Ngoja niwaelezee Jumanne yangu.

Saa 12 na nusu asubuhi chai na chapati mbili, begi mgongoni, boda. Saa 2 nipo Nkuhungu, dirisha la kuslaidi magurudumu yameisha, nikabadilisha, elfu 15, nimemaliza.

Saa 4 na nusu Kisasa. Huku tangu serikali ianze kuhamia 2016 nyumba zinaota kila kona, na hii ni mojawapo. Mama mwenye nyumba kanipokea vizuri, "karibu fundi", ila mkononi tayari ana kitasa kipya kimetoka Dar kwa basi, fundi aliyenitangulia ndiye alimwambia akanunue. Mlango wenyewe wa rangi ya mbao, umetazama magharibi, na ikifika jioni haufungi mpaka watu wawili, mmoja asukume kwa bega mwingine anyanyue hendo.

Nikaufungua, nikanyanyua hendo mlango ukiwa wazi hivyo hivyo. Ndoana zote za kitasa, zile zinazoingia kwenye fremu kuufunga mlango, zikatoka, ufunguo ukazunguka bila shida. Nikamwambia mama, kitasa chako kizima, tatizo ni mlango umeshuka.

"Baba, mimi nimekuita uweke kitasa."

Ningeweza kukiweka. Nusu saa tu, hela yangu mfukoni, na wiki ijayo angekuwa analia tena, na hicho kipya nacho kingevunjika gia za ndani kwa kulazimishwa. Nikamwomba ainame aone kile kibati cha kwenye fremu, ule mdomo wa chini umekwaruzwa mpaka unang'aa kama sarafu mpya, ndoana inagonga pale badala ya kuingia kwenye tundu. Akapitisha kidole. Akanyamaza. Kisha akampigia mumewe, mumewe akataka kuongea na mimi, nikaeleza upya mwanzo mpaka mwisho, akasema haya jaribu ila nikishindwa sidai kitu. Iliniuma, nasema ukweli.

Bawaba ya chini ilikuwa imeshakazwa mpaka mwisho, alenki, ule ufunguo wa pembe sita wa kukazia, haiendi. Ikabidi nitoe kioo. Vile vibanzi vinavyoshika kioo navitoa kimoja kimoja kwa patasi pana, taratibu, ukikosea kioo ni chako. Halafu nachomeka vipande vya plastiki kati ya kioo na mlango: kona ya chini upande wa bawaba, na kona ya juu upande wa kitasa, kioo kinakaa kama mhimili unaounyanyua mlango. Milimita 3 tu nilikuwa nazitafuta. Nikaweka, nikatoa, nikaongeza kimoja chembamba, nikarudisha. Jasho, vumbi la upepo wetu wa Oktoba linaingia machoni, na mama kasimama nyuma yangu muda wote hasemi kitu.

Mlango ukafunga kwa kidole. Mama akatoa hela, nikakataa kupokea kwanza. Plastiki ya mita 2 ikipata tofauti ya nyuzi joto 30 inaweza kutanuka milimita 3 na zaidi, hata kama chuma cha ndani kinaizuia kidogo, na rangi ile ya mbao inakunywa jua kuliko nyeupe. Mlango unaofunga asubuhi sio mlango uliopona. Kwa hiyo nikakaa kibarazani, wakanipa ugali na mlenda, mteja wa Ilazo anapiga simu kila baada ya muda, mimi namwambia nakuja nakuja, sijui ilikuwa saa ngapi jua lilipoanza kuupiga mlango sawasawa, ukagusa hendo inaunguza.

Ukabana kidogo juu. Nikasogeza kile kibati cha juu, nikapuliza silikoni ya kulainisha kwenye ndoana, tukasubiri tena. Mama mwenyewe akafunga, akafungua, akafunga. Mara nne. Kile kitasa cha Dar akakirudisha kwenye boksi.

Elfu 40, akaomba iwe 35, nikakubali, nilikuwa nimechoka kubishana na kiganja kimevimba pale ninaposhikia alenki. Giza limeingia ndio nampigia yule wa Ilazo kumwomba radhi. Akauliza kesho utakuja asubuhi? Nikamwambia hapana, naja saa 8 mchana.