Nilivyofuatilia ajali ya rubani John Gillespie Magee

Wengi wanamjua Magee kwa shairi lake la kuruka angani. Mimi nilitaka kujua alivyokufa kwa kugongana angani na ndege nyingine akiwa na miaka 19, tarehe 11 Desemba 1941, siku ileile Ujerumani ilipoitangazia Marekani vita.

Nilianza na Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, kwa kuwa orodha yake inatafutwa bure mtandaoni. Humo utapata cheo, tarehe, kikosi na kaburi (lake liko Scopwick, Lincolnshire). Chanzo cha kifo hakimo, awe mtu alitunguliwa au aligongana na mwenzake.

Baada ya hapo, jiulize marehemu alivaa sare ya jeshi gani. Magee alizaliwa Shanghai, baba yake Mmarekani na mama yake Mwingereza, lakini mwaka 1940 alijiunga na Jeshi la Anga la Kanada. Jalada hufuata jeshi, halifuati uraia. Lake nenda kalitafute kwenye Maktaba na Nyaraka za Kanada. Nyaraka za jeshi la Marekani zitakupotezea muda tu.

Kazi yenyewe iko kwenye daftari la kikosi. La kikosi chake, Kikosi cha 412, linapatikana kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, katika mfululizo wa AIR 27. Lina fomu mbili. Fomu 540 ina muhtasari wa kila siku. Fomu 541 inaorodhesha ndege, rubani, saa ya kuruka na saa ya kutua. Kwa kawaida natafuta kwenye 541 mstari usio na saa ya kutua. Lakini vikosi vingi havikuandika humo safari za mazoezi, na Magee alikuwa mazoezini, kwa hiyo isome 540 neno kwa neno. Kumbuka pia kwamba wakati wa vita saa za Uingereza zilikuwa mbele ya GMT kwa saa moja hata majira ya baridi. Na unapoandika ndege yake, ya kivita aina ya Spitfire, nakili namba yake, AD291. VZ-H ni herufi za ubavuni tu: VZ ya kikosi, H ya ndege, na H hiyo hupewa ndege nyingine ile ya kwanza ikianguka.

Ajali ya kugongana ina majalada mawili, na wengi huishia kwenye la mtu maarufu. La pili ni la ndege ya mafunzo aina ya Oxford, namba T1052, ya kiwanja cha Cranwell, iliyorushwa na mwanafunzi Ernest Aubrey Griffin, naye akafa. Kadi za ajali, yaani Fomu 1180, huulizwa kwenye makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza kule Hendon. Ulizia kwa namba ya kila ndege.

Spitfire zilikuwa zinashuka kupitia upenyo wa mawingu, na Oxford ilikuwa chini ya mawingu hayo. Ziligongana kwenye futi 1,400 hivi, karibu mita 430. Mkulima mmoja alimwona Magee akihangaika kusukuma nyuma kifuniko cha chumba cha rubani, akasimama, akaruka. Kwa kimo hicho parachuti haikuwahi kufunguka. Kwenye ramani tafuta Roxholme, ajali ilipotokea, kaskazini mwa Sleaford, halafu pima umbali wake hadi Cranwell na hadi Wellingore, alikoruka Magee: viwanja vyote viwili vya ndege viko jirani.