Bado tu ipo

Neno lenyewe ni "tu". Angesema "Dada, ile bado ipo?" ningemjibu ipo, tukaendelea na mengine, na leo nisingekuwa nimekaa barazani saa nne ya usiku nabishana na simu. Lakini ndugu yangu Shaibu, akiulizia kompyuta yangu, alisema, "Dada, ile bado tu ipo?" Kisha akacheka. Si kicheko hasa. Kile cha puani, pumzi moja.

Wiki hii mama amefunguliwa bandeji ya jicho pale hospitali ya Ligula na anasoma mpaka namba za bajaji, mjomba wa Newala ameoa tena na miaka yake sitini na sita, na mimi nimekwama kwenye herufi mbili.

Jumatatu basi. Mashine yangu mnaijua, ile kompyuta nyeusi ya mezani, yenye prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, aliyoniletea Shaibu mwaka 2012 kwa mshahara wake wa kwanza. Aliinunua mtumba Kariakoo, akaipakata kwenye basi njia nzima kwa kuogopa kuiweka kwenye buti, na siku hizo kipande cha Ndundu hadi Somanga kilikuwa bado vumbi na mashimo. Alishuka stendi mweupe kama katoka mashineni kusaga unga. Steshenari nzima imesimama kwa mashine hiyo: barua za kuomba kazi, kadi za harusi, mitihani ya majaribio, mahesabu ya vikundi vya korosho.

Nabonyeza swichi. Feni inazunguka sekunde mbili, kimya. Nabonyeza tena, sekunde mbili, kimya. Mara ya tano ikawaka na kunijulisha kwamba leo ni tarehe 1 Januari 2009. Kila tovuti niliyofungua ikagoma, inadai si salama, maana kwa kalenda ya kompyuta vyeti vya tovuti zote hizo vilikuwa havijaanza kutumika. Na kwenye benchi wamekaa watoto wanne wanaojaza maombi ya mkopo wa chuo, mmoja na baba yake aliyetoka Nanyamba alfajiri, cheti cha kuzaliwa kipo ndani ya bahasha ya kaki na bahasha kaishika kwa mikono miwili.

Tarehe ni betri, hilo nalijua. Kile kibetri cha duara kama sarafu, CR2032, volti tatu, fundi saa wa pale sokoni kaniuzia 1,500. Nikakiweka mwenyewe, tarehe ikakaa. Nikachomoa na ramu zote mbili, vile vibao vya kumbukumbu, nikasugua yale meno yake ya rangi ya dhahabu kwa raba ya penseli, nikarudisha moja moja. Somoe ananimulikia tochi ya simu. "Mama mdogo, hivi unajua unachofanya?" Nikamwambia amulike, asiongee. Ikakaa dakika ishirini. Katikati ya fomu ya mtoto wa Nanyamba, giza. Umeme upo, pangaboi linazunguka, printa imewasha kitaa chake cha kijani. Giza lilikuwa langu peke yangu.

Hapo ndipo nikampigia Shaibu. Sikumpigia kuomba hela, na ningependa hili lieleweke. Nilimpigia kwa sababu kitu kikiharibika unamwambia aliyekupa. Nikamweleza feni, nikamweleza tarehe. Akanisikiliza vizuri tu, nyuma yake honi za Dar. Ndipo akasema.

"Dada, ile bado tu ipo?"

Nikasema, "Ipo."

Ndilo jibu nililotoa. Ipo! Tangu hapo nimeshamjibu vizuri zaidi mara nyingi. Nikiosha vyombo nimemjibu: ipo, ulitaka niitupe? Nikiwa kwenye bajaji nimemjibu: ipo, na ndiyo inayomvalisha Somoe. Jumanne usiku nilimpa jibu la aya tatu, lenye utangulizi. Tatizo kila jibu lina "tu" yake. Kuna "tu" ya dharau, kwamba wenzio wamesogea, nyie mko palepale. Kuna ya mshangao mtupu. Na kuna ile ya kufurahi, unamkuta mzee shambani baada ya miaka, unamwambia, "Babu, bado tu unalima!" na babu anacheka. Nimezijaribu zote kwa sauti nikiwa bafuni. Ya dharau ndiyo inayonitoka kirahisi kuliko zote, lakini huenda hiyo ni sauti yangu, si yake.

Nikamwambia mama. Akanisikiliza, kavaa ile miwani nyeusi ya hospitali, kama msanii. "Alikuuliza, ukamjibu," akasema. "Sasa kesi iko wapi?" Akaendelea kumenya ming'oko.

Jumatano akaja Chande, fundi kompyuta. Zamani alikuwa anachapa CV kwangu kwa mkopo, na deni la kurasa nne nalikumbuka. Siku hizi ana mkoba wa mgongoni, mita ya kupimia umeme, na bisibisi za kila aina. Akafungua ubavu. Vumbi, hilo la kawaida. Kutu kwenye matundu yote ya skrubu, maana kusi ikivuma chumvi ya bahari inaingia hadi kabatini. Na ndani ya pawa saplai, kile kisanduku kinachoipa mashine umeme, tukichungulia kupitia vitundu vyake, maganda mawili ya mayai ya mjusi, meupe, membamba, moja limepasuka kwa ustadi kabisa. Chande akacheka mpaka akakaa chini. "Anti, kumbe hapa ulikuwa unatotolesha!"

Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kukiona. Akachomoa ile plagi pana ya nyaya nyingi, akachukua klipu ya karatasi kwenye kopo langu mwenyewe, akainyoosha, ncha moja kwenye tundu la waya wa kijani, ncha nyingine kwenye waya mweusi wa jirani. Feni ya pawa saplai ikaanza kuzunguka yenyewe, haijashikana na kitu chochote. Nikasema, si nzima hiyo?

"Nzima ikiwa haina kazi, Anti."

Akaunganisha tena kila kitu, akagusisha mita kwenye waya wa njano. Inatakiwa volti 12. Ikishuka chini ya 11.4, ujue mgonjwa huyo. Akawasha. Namba ikasoma 11.6, ikateremka 11.1, ikafika 10.7, na kompyuta ikazima. Nikamwambia arudie. Akarudia. Sijui nilitaka kuona nini mara ya pili.

Lakini si pawa saplai peke yake. Pembeni ya prosesa kuna vikopo vidogo vimesimama mstari, vichwa vyake vinatakiwa viwe bapa. Viwili vimevimba kama kopo la soda lililosahauliwa kwenye friza. Yaani ubao nao umeanza. Chande akanipangia: pawa saplai ya mtumba anayo, 30,000. Au kompyuta nyingine, mtumba pia lakini ya juzijuzi, 380,000, na diski yangu ataihamishia humo na kadi zangu zote za harusi zitakuja nayo. Akanikumbusha kwamba Windows 10 wenyewe waliacha kuihudumia tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine yangu haiwezi kupokea 11, prosesa yake ya zamani na haina kile kidude cha usalama, TPM. Hapo mwanzo nilidhani ananiuzia tu. Kumbe ana haki, na nisingependa fomu za watoto wa watu zenye namba zao za NIDA zipite kwenye mashine isiyolindwa.

Nimechukua pawa saplai. Maombi ya mkopo hayatusubiri, na kikoba chetu kinavunjwa mwezi wa tisa, hapo nitanunua hiyo nyingine. Hesabu inakubali. Ila mkiniuliza vizuri nitawaambia niliamua kabla ya hesabu, pale Chande aliposema, "Hii uza chuma chakavu," nami nikamjibu haraka mno.

Alhamisi ikawaka kwa mbonyezo mmoja. Mtoto wa Nanyamba akarudi, fomu ikaisha, baba yake akataka nimtolee nakala mbili, moja ya kuweka tu nyumbani. Hiyo "tu" haikunisumbua hata kidogo. Siku nzima nilikuwa naimba, Somoe shahidi.

Kwa furaha hiyo Ijumaa nikampigia Shaibu. Nilikuwa na majibu yangu yote, nimeyapanga.

"Ipo, na imewaka," nikasema.

"Nini?"

"Kompyuta. Si uliniuliza kama bado tu ipo?"

"Mimi? Lini?"

"Jumatatu."

"Dada, Jumatatu nilikuwa kwenye foleni Mbagala, hata sikumbuki tuliongea nini." Kisha akanieleza habari za jino lake, gego la juu, haliwezi hata maji. Nikamwambia asukutue na maji ya chumvi, na aende kwa daktari, maana namjua. Siku nne nimegombana na mtu ambaye hakuwepo kwenye ugomvi. Nikacheka peke yangu, dukani, mteja ananitazama.

Ila kabla hajakata alisema, "Lakini ile mashine, mh!"

Hiyo "mh" siigusi. Nimejiapiza.

Jioni hii mama kasema tena chai haina sukari. Ni mara ya tatu tangu Jumanne. Sukari naweka mimi kwa mkono wangu, vijiko vitatu, na leo kabla ya kumpelekea nilionja.