Folda ya lib kwenye programu ya mzani

"Kaka, mbona programu ya mzani ina folda yake ya lib, na maktaba zote si zipo kwenye mfumo?" Kijana ninayemfundisha kazi aliniuliza hivyo juzi (maktaba hapa ni mafaili ya msimbo ambayo programu huazima), nikakumbuka Tandahimba, msimu wa korosho, ghalani kwa chama kimoja cha msingi.

Fundi mwingine alikuwa ameupandisha mfumo wa kompyuta kutoka Ubuntu 20.04 hadi 22.04. Asubuhi magunia yamejaa mpaka nje, programu haifunguki. Katibu akaniambia, "Mwanangu, hawa wakulima wamelala hapa." Nikaifungua kwa terminali, dirisha la kuandikia amri. Ikalalamika kwamba OPENSSL_1_1_0 haipo. OpenSSL ni maktaba ya kusimba mawasiliano.

Nikajua kuna kiungo, yaani jina linaloelekeza kwenye faili lingine. Toleo la 22.04 lina OpenSSL 3, yaani libssl.so.3, ilhali programu ilijengwa juu ya libssl.so.1.1, ukiendesha readelf -d unaliona jina hilo kwenye mstari wa NEEDED, unaotaja maktaba ambayo programu inaihitaji. Fundi alipiga ln -s ili jina la zamani lielekee faili jipya. Jina likapatikana, lakini kipakiaji, kinachounganisha programu na maktaba zake inapofunguliwa, hakiishii kwenye jina la faili. Kila kitu ambacho programu inakiomba ndani ya maktaba kina muhuri wa toleo, na libssl.so.3 ina muhuri wa OPENSSL_3.0.0. Heri ilikataa mapema. Bila ukaguzi ule ingeweza kuanguka gunia likiwa juu ya mzani.

Nikafuta kiungo. Kifurushi cha libssl1.1 cha 20.04 nikakifungua kwa dpkg-deb -x bila kukisakinisha, nikatoa libssl.so.1.1 na libcrypto.so.1.1, nikaziweka kwenye lib kando ya programu. Kisha patchelf --set-rpath '$ORIGIN/lib', amri inayoandika ndani ya programu njia ya kutafutia maktaba; $ORIGIN ni folda ambamo faili lenyewe limo. Alama za nukuu ni lazima, la sivyo sheli, inayosoma amri, inalimeza neno $ORIGIN. Libssl nayo inaitafuta libcrypto, na njia uliyoandika ndani ya programu haiisaidii maktaba kutafuta vyake. Kwa hiyo libssl nayo nikaipigia patchelf, '$ORIGIN' tupu. Nikapitisha ldd, inayoonyesha kila maktaba imepatikana wapi: hakuna tena "not found". Upimaji ukaanza.

Kijana akauliza kama tuiondoe folda hiyo sasa. OpenSSL 1.1.1 ilifikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 11 Septemba 2023, na apt upgrade, amri ya kusasisha mfumo, haiigusi folda ile. Mwenye programu nilimwomba aijenge upya kwa toleo la 3. Hajaijenga, na nafikiri folda yetu ndiyo inayomwondolea haraka.